Salamu kwa Wa Pili wa Rukoki

Sitaandika jina la mtu hapa, na si kwa kuogopa kushtakiwa. Kwetu sisi Wakonzo jina halimfichui mtu. Mtoto hapewi jina, hupewa nafasi yake kwenye foleni. Mvulana wa kwanza wa mama yake ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wasichana vivyo hivyo. Majina hayo ni yale yale kutoka Kasese mjini mpaka Bwera, na ukivuka mpaka kuingia Kongo unayakuta huko yanakungoja. Simama katikati ya soko la Mpondwe siku ya gulio, uite jina la msichana wa pili. Nusu ya wanawake watageuka, na mmoja wao atakuuliza kwa ukali unamtakia nini. Kwa hiyo humu nitawaita watu kwa foleni yao. Wa Pili ni msichana yeyote aliyezaliwa wa pili, na Wa Tatu ni mvulana yeyote aliyezaliwa wa tatu. Mume wangu ni Wa Tatu. Mimi nilizaliwa Wa Pili, lakini tangu nijifungue mtoto wangu wa kwanza hakuna anayeniita hivyo. Naitwa Mama, na nimezoea.

Mimi ni fundi wa kushona. Cherehani yangu iko kwenye baraza la maduka, Bwera, mahali ambapo vumbi la malori ya mpakani huja kuketi juu ya kila kitambaa cheupe. Pia mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Kazi yenyewe inanifundisha. Mteja huniapia kuwa kiuno chake ni kile kile cha mwaka jana, huku futi iko mkononi mwangu.

Redio ndiyo niliyoanza kuishuku mapema kuliko vyote. Nilipokuwa mdogo, kule Nyakiyumbu, baba alikuwa na redio ya betri, na kila adhuhuri tulisikiliza matangazo ya vifo. Msomaji angesema Wa Kwanza amefariki, na mama angeacha kukoroga ugali, mwiko umesimama, kwa kuwa kaka yake alikuwa Wa Kwanza na alikuwa safarini. Tulikaa kimya mpaka litajwe jina la baba wa marehemu, la ukoo, na la kijiji cha maziko. Ikiwa si wetu, mama alishukuru, kisha aliona vibaya kushukuru kwa msiba wa wengine, kisha akaendelea kukoroga. Hivyo nilijua tangu utotoni kwamba redio hutaja jina na kumficha mtu. Siiamini, na kuizima siwezi.

Siku hizi mambo yameongezeka. Saluni iliyo mlango wa tatu kutoka kwangu ina televisheni, na mchana, wateja wakipungua, tunajazana humo kutazama tamthilia za nchi za mbali. Mtu mmoja Kampala amezitafsiri kwa Kiganda, na sauti zote ni zake peke yake: mke, mume, hawara, mama mkwe, hata mbwa. Bwana huyo anatia chumvi mpaka chakula kinakuwa kichungu. Mwanamke kwenye kioo amefumba mdomo, analia kimya, na mtafsiri anamsemesha kwamba mume amekula chapati zake miaka kumi bila kusema asante. Tunajua kabisa kwamba anatunga, na machozi yanatutoka vilevile.

Katika saluni ile tulijifunza dalili. Mume anayenunua leso mpya. Mume anayeingia chooni na simu. Mume anayeichekea simu kisha akaigeuza kifudifudi mezani. Zamani mwanamke wa Bwera aliyetaka kujua habari za mumewe alimuuliza, wakagombana, majirani wakaamua, yakaisha. Siku hizi haulizi. Anachunguza, ananyamaza, anavaa uso wa ukuta kama mke wa kwenye tamthilia, anangojea siku ya kumfumania. Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote.

Mume wangu ni mwanajeshi. Yuko detachi, yaani kituo kidogo cha askari, huko juu milimani, na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi akipewa ruhusa. Nyumbani tunasema Lhukonzo, lugha yetu, kama watu wote. Kiswahili chake alikipata pamoja na sare, na hukitumia kwa mambo mawili tu: kutoa amri, na kusema jambo la moyoni ambalo kwa lugha ya mama yake linamshinda. Siku aliponiposa alisimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Mimi nimeamua. Wewe je? Jibu haraka." Nilijibu haraka. Huyo ndiye mwanamume wangu, na nilidhani namjua mpaka pindo la ndani.

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni kuna kipindi cha salamu redioni, kwa Kiswahili, kwa ajili ya kambi na kwa ajili ya wasikilizaji wa ng'ambo ya mpaka. Watu hutuma ujumbe kwa simu, mtangazaji anausoma, anaupamba, anapiga wimbo. Baraza letu zima husikiliza. Muuza misumari anaifungulia, muuza simu anaifungulia, na jirani yangu wa mkono wa kulia, mama Mkongo anayeuza vitenge, anaifungulia kuliko wote. Alhamisi moja nilikuwa napiga pasi kola, nikamsikia ananiita kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeona nyoka.

"Mama, sikia. Ule si bwana yako?"

Mtangazaji alikuwa anasema hivi: "Afande Wa Tatu, huko mlimani kwenye baridi, anamsalimu Wa Pili wa Rukoki, mpenzi wake wa zamani! Anasema hajamsahau. Na mfuko pia, jamani, mfuko haujasahau!" Akacheka, akapiga wimbo wa mapenzi.

"Ba Wa Tatu beko wengi," nilimjibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, nikijifanya naangalia pasi.

"Beko wengi," alikubali. "Lakini ba afande wa ku mulima beko wangapi?"

Niliunguza kola ile, na ilinibidi nikate nyingine.

Jioni hiyo nililipima neno kwa neno kama kitambaa cha mteja mgumu. Wa zamani. Mtu akisema mke wake wa zamani, maana yake ameachana naye. Akisema mpenzi wa zamani na hapo hapo akasema hajamsahau, maana yake hawajaachana. Halafu mfuko. Mfuko wa askari una kitu gani cha kukumbuka, kama si mshahara? Halafu Rukoki. Hapo moyo wangu ulishuka, kwa sababu Rukoki ilikuwa na ukweli. Mume wangu alikuwa mlinzi huko kabla hatujaoana. Nilijua kwa hakika, kwani mimi mwenyewe nilikaa huko mwaka mzima kwa shangazi yangu nikijifunza kushona, na ndiko tulikoonana. Kumbe wakati ananitazama mimi alikuwa anatazama na kwingine. Dalili ya mvua ni mawingu.

Nilikaa kitandani nikawahesabu wasichana wote wa Rukoki niliowajua ambao ni Wa Pili. Mmoja aliuza maziwa. Mmoja aliimba kwaya na alikuwa na mwanya. Mmoja aliolewa upande wa Kinyamaseke, lakini kuolewa hakuzuii kitu, tamthilia zimetuonyesha. Walifika sita. Niliwachambua mmoja mmoja, miguu yao, meno yao, na yule wa kwaya ndiye aliyenikaa moyoni. Nilimchukia kwa bidii mtu ambaye sikumwona miaka kumi na miwili.

Alhamisi zilizofuata nilikaa na redio kama mgonjwa na daktari. Wiki moja hakuna kitu. Wiki nyingine, tena: Afande Wa Tatu, Wa Pili wa Rukoki, wa zamani. Kila jina lake lilipotajwa, yule wa Rukoki, nilihisi kitu kinanichoma hapa chini ya titi, na nitasema ukweli, haikuwa hasira peke yake. Nilimwonea wivu kwa kuwa anasalimiwa. Mimi kwa simu nilikuwa naulizwa kama watoto wamelala, kama paa linavuja, kama dawa ya mbuzi imepatikana. Hakuna aliyewahi kunipigia wimbo.

Mwisho wa mwezi akarudi, na ikaangukia Alhamisi. Alioga, akala, akahamisha kiti chake mpaka dirishani. Saa kumi na moja ilipokaribia alifungua redio mwenyewe, yeye ambaye nyumbani hata taarifa ya habari hana haja nayo. Nikasema moyoni, leo. Nilichukua kazi ya mkono, nikashona vifungo. Mtangazaji alisoma salamu za watu wengine, nyingi, kisha ikaja ile. Afande Wa Tatu. Wa Pili wa Rukoki. Alikuwa ameituma asubuhi kabla ya kushuka mlimani.

Mume wangu hakuitazama redio. Alinitazama mimi. Alinikodolea macho, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na tabasamu dogo, la mtu aliyeweka mtego akingojea kuona. Nilidhani anapima kama nimeshtuka. Nilidhani, mtu huyu amekuwa shetani, anataka nimsikie hawara wake nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, nikishona kifungo cha shati lake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi ninayezishona hizo nguo nilikuwa wa mwisho kujua. Nikauvaa uso wa ukuta. Sikupepesa macho. Nilikata uzi kwa meno, nikamuuliza, "Chai uongeze?"

Tabasamu likaondoka. Alizima redio, akatoka nje kuangalia mbuzi. Nikajipongeza kwamba nimeshinda.

Alipoondoka kurudi kazini, sikuvumilia tena. Alhamisi iliyofuata nilimwomba jirani simu yake, kwa sababu namba yangu ikitajwa hewani mtu wa mlimani angeijua. Mtangazaji hupokea pia wapigaji. Nilijaribu mara tano nikakuta laini ina shughuli, mara ya sita ikaingia.

"Uko hewani, mama! Unatoka wapi, unamsalimu nani?"

Sauti yangu haikutetemeka. "Mimi ni mama wa Bwera," nilisema. "Salamu zangu zimwendee Wa Pili wa Rukoki, anayesalimiwa kila Alhamisi na mume wa watu. Mwambieni yeye ni nguo ya mtumba. Imevaliwa na wengi, imefuliwa ikapauka, na hakuna fundi wa kuirudisha upya."

Niliisikia sauti yangu ikinirudia kutoka kwa muuza misumari, kutoka kwa muuza simu, kutoka saluni, imechelewa kidogo, kana kwamba baraza zima limesimama kunitetea. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa. Wanawake wa saluni walitoka nje wakapiga makofi. Jirani yangu alinikumbatia. "Mama, umemupiga!" alisema. "Umemupiga kabisa!" Siku hiyo nilishona nguo tatu bila kuchoka.

Kisha ikawa si yangu tena. Mtangazaji aliikata sauti yangu akaifanya kibwagizo. Kipindi kikianza: "Nguo ya mtumba! Hakuna fundi!" Kabla ya tangazo la mbolea: "Hakuna fundi!" Watu wakatumiana kwenye simu. Sokoni nilimsikia muuza ndizi akimtania mwenzake kwamba ndizi zake ni za mtumba, zimevaliwa na wengi. Kila mahali nilikutana na mdomo wangu umefika kabla yangu, na mwanzoni, nisidanganye, ilinipendeza.

Salamu za mlimani zilikoma. Alhamisi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Mume wangu alipopiga simu aliuliza mambo ya watoto na mbuzi, akakata. Nikasema, dawa imemwingia.

Ndipo ikaja Ijumaa ya gulio, na mteja mpya. Mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, na kitenge kipya mkononi. Alitaka gauni kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, na mtu sokoni alimwelekeza kwangu. Nilimsimamisha mbele ya kioo, nikafungua daftari la vipimo.

"Jina?"

"Wa Pili."

"Wa wapi?"

"Rukoki."

Nilitazama meno yake, na mwanya ulikuwepo. Ulikuwa ni ule ule wa kwaya. Niliweka pini mdomoni ili nisiseme kitu, nikamzungushia futi kifuani, nikaivuta.

"Fundi," alisema, "unaniua."

Nililegeza. Akaanza kueleza mwenyewe, bila kuulizwa, kama wateja wanavyofanya wakiona mtu hana nafasi ya kujibu. Alisema maisha yamekuwa magumu tangu yule mama wa Bwera alipoongea redioni. Mumewe anamuuliza kila akirudi shambani: huyo afande ni nani? Mdogo wa shemeji yake, naye Wa Pili, amepigwa kofi kwa ajili hiyo. "Sisi ma Wa Pili wa Rukoki wote tumekuwa nguo za mtumba," alisema. "Watoto wanatuimbia njiani. Na mimi askari hata mmoja simjui. Ningempata yule mama ningemuuliza, ni nani kati yetu aliyemkosea?"

Alilisema bila kelele, na machozi yalikuwa karibu. Nilishuku hata machozi hayo, kwa muda. Kisha nikaona namna alivyoshika kitenge chake, na nikajua kwamba huyu hadanganyi. Hapo nikaogopa, kwa sababu kama si huyu, basi ni nani?

Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Lakini wewe nakujua," alisema. "Si wewe uliyekuwa kwa shangazi yako, pale karibu na kinu? Yule fundi mwanafunzi?" Akaanza kucheka, machozi yakiwa bado yako. "Si wewe ulimtia askari kiraka kwenye suruali ukashona na mfuko, ukaufunga? Akarudi kesho yake, mkono hauingii! Akakuambia, fundi, umekamata mfuko wangu, sasa ukamate na mimi. Rukoki nzima ilicheka wiki mbili. Na wewe si Wa Pili pia?"

Nilizitoa pini mdomoni moja moja nikazichomeka kwenye mto wa pini. Zilikuwa saba. Nilikuwa nimewahesabu ma Wa Pili wa Rukoki nikapata sita, na sikujihesabu.

Gauni lile nilimshonea vizuri kuliko yote niliyowahi kushona. Sikumwambia kwamba mama wa Bwera ni mimi. Nilitaka kumwambia siku ya kuja kulichukua, nikashindwa, na mpaka leo nina deni la maneno kwake.

Mume wangu aliporudi, nilifanya jambo ambalo hakuna mke wa tamthilia anayelifanya. Nilimuuliza. Nilimwambia, "Baba, nipe simu yako." Akanipa, akakaa. Nikatafuta kwenye ujumbe uliotumwa. Ulikuwepo, wote, hakufuta hata mmoja, na kila mmoja ulikuwa karibu sawa na mwingine, kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Salam kwa Wa Pili wa Rukoki. Mutu yangu ya zamani. Sijasahau mufuko."

Mtu wangu wa zamani. Wa tangu zamani. Ndivyo alivyomaanisha, mtu niliyenaye siku nyingi. Mtangazaji, ambaye ana chumvi yake kama yule mtafsiri wa tamthilia, alimfanya mpenzi, na mpenzi wa zamani ni habari nyingine kabisa. Na mimi nilimwamini mtangazaji kuliko miaka kumi na miwili. Nitasema jambo moja la aibu: hata nikiwa na simu ile mkononi, kuna pembe ya moyo wangu iliyozikagua tarehe za ujumbe na kuzilinganisha na Alhamisi zangu. Zililingana. Nikajichukia kwa kuzikagua.

"Kwa nini redioni?" nilimuuliza. "Mimi si niko hapa?"

Alijibu kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua kwamba linatoka mbali. "Hapa nyumbani wewe ni mama. Mutu hawezi ambia mama ya watoto maneno kama hayo, mbele ya sahani. Kule kwa detachi wote wanatuma. Nikasema, hata mimi. Ile siku nilikuwa hapa, nilikuangalia. Nilitaka kuona kama umefurahi. Ulikuwa na sura ya korti."

"Na ile sauti? Uliisikia?"

"Redio iko kwa meza, tulikuwa wote. Wenzangu walicheka sana."

"Ulijua ni mimi?"

"Sauti yako nitakosa kujua?"

"Mbona hukunipigia? Mbona hukugomba?"

Alivua buti moja, akaishika, akaitazama ndani kama anatafuta jiwe. "Ningesema nini? Ulitukana mutu yangu."

"Mutu yako ni mimi!"

"Mimi najua," alisema. "Wewe ndio hukujua."

Nililia. Nililia kwa sauti, bila uso wa ukuta, na yeye alikaa karibu yangu na buti yake mkononi. Hakunifukuza wala hakunituliza. Baadaye nilimwomba atume tena, hata mara moja. Akatikisa kichwa. Alisema sasa ikisomwa wote watacheka, mlimani na Bwera, na jambo lile halikuwa la kuchekwa. "Wacha," alisema. "Iliisha." Asubuhi alirudi kwenye Lhukonzo, akaniuliza kama dawa ya mbuzi imepatikana.

Nilifikiri, basi nitatuma mimi. Alhamisi ya kwanza baada ya yeye kurudi mlimani nilikaa na simu yangu mwenyewe, nikaandika, nikafuta, nikaandika. Sikutaka mapambo. Niliandika hivi: "Salamu kwa afande Wa Tatu wa mlimani, kutoka kwa Wa Pili wa Rukoki, mtu wako wa zamani. Mfuko bado nimeukamata." Nikatuma kabla moyo haujageuka. Saa kumi na moja nilisimamisha cherehani. Redio zote za baraza zilikuwa wazi.

Mtangazaji aliifikia salamu yangu katikati ya kipindi, na nilimsikia akishusha pumzi kwa furaha. "Jamani! Jamani! Amejibu! Wa Pili wa Rukoki mwenyewe, mpenzi wa zamani, anasema mfuko wa afande bado ameukamata!" Kisha, kwa kuwa kazi yake ni hiyo, alibonyeza, na sauti yangu ikatoka madukani mote, kali, haitetemeki: "Nguo ya mtumba! Hakuna fundi!"

Jirani yangu alikuja mbio, kitenge kimemwanguka begani.

"Mama, umesikia? Ule mwanamuke hana haya! Anarudisha salamu!"

"Dada," nilimwambia, "ule mwanamke ni mimi."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaegemea meza yangu ya kukatia. "Wewe?" alisema. "Wewe uko mama ya batoto!" Akajifuta macho, akaenda kuwasimulia wa saluni mzaha wangu, nao wakacheka.

Sikuinuka kubishana. Niliweka kitambaa chini ya sindano nikaendelea na mshono nilioukatiza. Alhamisi iliyofuata nilisikiliza mpaka wimbo wa mwisho, na iliyofuata hiyo pia. Walisalimiwa ma Wa Pili wa Kinyamaseke, wa Nyakiyumbu, wa Kasese mjini. Wa Rukoki hakuna aliyemwita.